Chuma Kisichoshika Kutu Huficha Umri Wake

Mazungumzo ya juma, kama yalivyosomwa redioni

Ndugu wasikilizaji, juma hili naomba tuzungumze juu ya chombo cha baharini, tena chombo cha mkono wa pili. Najua wengi mnaonisikiliza mko mjini, mnahangaika na daladala na kodi ya nyumba, na hamna nia yoyote ya kununua mashua. Hata hivyo naomba msizime redio. Karibu kila mmoja wetu anatumia kitu kilichokwisha kutumiwa na mwingine: gari, jokofu, basi la kwendea kazini, kivuko cha kurudia nyumbani. Katika vitu vyote hivyo sijaona mwalimu mkali kama chombo cha baharini. Gari likiharibika njiani utashuka ulisukume. Baharini hakuna pa kushukia.

Chombo ninachotaka kukieleza ni kile kiitwacho katamarani. Kina miili miwili iliyolala sambamba, mithili ya mitumbwi pacha, imeunganishwa juu kwa sitaha moja, na mlingoti umesimama katikati. Neno lenyewe linatoka katika lugha ya Kitamil ya kusini mwa India, na maana yake ni magogo yaliyofungwa pamoja. Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kufundishwa sana hapo. Ngalawa yetu, yenye mtumbwi katikati na tengo moja kila ubavu, ni ndugu wa karibu wa chombo hicho. Wataalamu wengi wanaamini kwamba elimu ya matengo ililetwa huku na mabaharia wa visiwa vya kusini-mashariki ya Asia, watu wale wale waliofika Bukini, yaani Madagaska.

Wazungu walichelewa kukipenda. Mwaka 1876 Mmarekani mmoja, Nathanael Herreshoff, alileta katamarani yake iitwayo Amaryllis katika mashindano huko New York, ikaziacha nyuma mashua za waungwana. Badala ya kupongezwa, chombo cha aina hiyo kikakatazwa kushindana nazo. Leo mambo yamegeuka. Katamarani za faiba zinaundwa kwa wingi Ufaransa na Afrika Kusini, zinazunguka dunia, na baadhi yake zinaishia huku kwetu. Mwenyewe huchoka, au huugua, au fedha humwishia. Akatia nanga katika ghuba zetu, akapanda ndege akaenda zake. Baada ya miaka michache utasikia chombo kinauzwa, tena kwa bei ya kutupa.

Hapo ndipo walipoingia vijana watatu wa Tanga ninaowafahamu, ndugu wawili na binamu yao. Walinunua katamarani ya futi 38, umri wake miaka 22, na miaka 6 ya mwisho ilikuwa imelala nangani bila kwenda popote. Nia yao ilikuwa njema: kuwachukua wageni kutoka Pangani kwenda kisiwa cha Maziwe, waogelee, watazame samaki, warudi jioni. Sehemu ya fedha walikuwa wamekopa, na mkopo, kama mjuavyo, hausubiri msimu. Walitaka chombo kiwe kazini kabla ya wageni wa Disemba kuwasili.

Nilikwenda kuwaona siku kadhaa wakati wa matengenezo. Katamarani yao ina fadhila moja: haina mkuku mrefu. Maji ya bamvua yakiipandisha ufukweni kisha yakapwa, inabaki imesimama juu ya mchanga kwa miguu yake miwili, na fundi anaweza kuingia chini yake bila mtu kulipia chelezo. Nilipofika nikakuta ubishi. Vijana walikuwa wameandika orodha yao: kwanza rangi, pili magodoro na mapazia, tatu friji, nne redio yenye spika kubwa. Fundi wao, mzee wa Pangani aliyeanza kazi ya kupiga kalafati majahazi kabla vijana hao hawajazaliwa, alikuwa na orodha yake. Ya kwake ilianza na waya zinazoshika mlingoti.

"Babu," yule mkubwa wao akamwambia kwa adabu, "waya hizi zinang'aa kama sahani mpya. Hazina kutu hata chembe. Tuzibadilishe kwa kosa gani?"

"Hazina kosa, mwanangu," mzee akajibu. "Zina miaka."

Ndugu wasikilizaji, maneno hayo mawili ndiyo yaliyonifanya niandike mazungumzo haya. Hebu tuyatazame.

Wazee wetu waliunda vyombo vilivyochakaa hadharani. Mtepe wa zamani ulishonwa kwa kamba za makumbi. Kamba ikioza kila mtu aliiona, ikashonwa nyingine. Mashua ya mbao ikianza kuvuja, maji ya ngama huongezeka, na anayekumba maji ndiye wa kwanza kujua. Pamba ikitoka katika viungo utaiona inaning'inia. Kwa hiyo kazi ilikuwa na utaratibu wake: chombo hupandishwa, huchomwa kwa makuti kuua wadudu wanaotoboa mbao, hutiwa kalafati, hupakwa deheni chini na sifa juu, kikarudi baharini. Baada ya muda hupandishwa tena. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Jicho lilitosha kuwa mkaguzi.

Katamarani ya faiba ni habari nyingine. Mlingoti wake ni mrefu kama jengo la ghorofa nne au tano, nao umeshikwa na waya chache tu, za mbele na za ubavuni. Waya hizo ni za chuma kiitwacho stenlesi, na kila moja imesokotwa kwa nyuzi 19. Kinachoifanya stenlesi isishike kutu ni utando mwembamba mno ambao chuma hicho hujitengenezea chenyewe kwa kutumia oksijeni. Penye hewa, utando ukikwaruzika hujiponya. Lakini pale waya inapoingia ndani ya kibano chake cha mwisho, au bolti inapopita katika sitaha, maji ya chumvi hunaswa na hewa haifiki. Hapo utando haujiponyi. Chuma huanza kuliwa kwa ndani, taratibu, mwaka baada ya mwaka, na huku nje kinaendelea kung'aa. Joto na chumvi ya ukanda wetu huongeza kasi ya ugonjwa huo.

Ndiyo sababu mafundi wa milingoti duniani, pamoja na kutazama, huhesabu miaka. Kawaida yao ni kubadilisha waya hizo baina ya mwaka wa 10 na wa 15, na makampuni mengi ya bima huanza kuuliza maswali zikishapita miaka 10. Waya za vijana wa Tanga, kwa ushahidi wa karatasi chache zilizokutwa ndani ya droo, zilikuwa zile zile zilizotoka nazo kiwandani.

Katamarani inalo na jambo jingine la kuongeza hatari. Mashua ya kawaida ikipigwa na upepo wa ghafla hulala ubavu. Tanga huinama, upepo humwagika, na mlingoti hupata nafuu. Katamarani, kwa upana wake, hailali upesi hivyo. Inasimama wima kama mtu mkaidi, na nguvu yote ya upepo inakwenda kwenye waya. Abiria hufurahi kwa kuwa chai haimwagiki. Wala hapati dalili yoyote kwamba juu ya kichwa chake kuna waya inayovutwa kupita kiasi.

Mzee alikuwa na njia zake za kuonyesha anachokisema. Alichukua pamba akaipitisha juu ya kila waya. Penye uzi uliokatika, pamba hunasa. Ilipita salama mpaka ilipofika karibu na kibano cha chini, ubavu wa kushoto. Hapo ikaacha manyoya yake. Kisha akafungua bamba la stenlesi linalofunga waya hiyo ubavuni mwa chombo. Akalisafisha, akalipulizia dawa nyekundu ya kutafutia nyufa, akangoja, akaifuta, akapulizia dawa nyeupe juu yake. Sote tukainama kutazama. Baada ya dakika chache mstari mwekundu, mwembamba kama unywele, ukajitokeza kutoka kwenye tundu la bolti hadi ukingoni mwa bamba. Na bamba lenyewe kwa upande wa nje ungeweza kujitazamia uso na kunyoa ndevu.

Siku ile hakuna aliyetaja magodoro tena.

Methali yetu inasema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni methali nzuri, nasi hupenda kuwasomea wengine. Lakini inachukulia kwamba ufa unaonekana. Katika vitu vya siku hizi, vya faiba na stenlesi na mpira, mara nyingi ufa unakuwa mahali ambapo jicho haliingii, na anayengoja kuuona atauona siku ukuta umekwisha kuanguka. Kwa vitu vya namna hiyo kalenda inakuja kabla ya jicho.

Nitatoa mfano wa mbali, msije mkadhani ni hadithi ya Tanga peke yake. Mwezi Mei 2014 mashua ya mbio ya Uingereza, iliyopewa jina lililoazimwa kwetu, Cheeki Rafiki, ilikuwa ikirudi nyumbani kutoka Antigua katika visiwa vya Karibi. Haikuwa katamarani, ilikuwa ya mwili mmoja, yenye mkuku mzito uliofungwa kwa bolti chini ya ganda la faiba. Wala haikuwa kuukuu: iliundwa 2006. Katika bahari ya Atlantiki mkuku ule ulitoka, mashua ikapinduka, na mabaharia wanne waliokuwamo wakapotea. Ganda lake lilipopatikana likielea kifudifudi, boti ya mpira ya kuokolea maisha ilikuwa bado imefungwa mahali pake. Wachunguzi wa ajali za baharini wa Uingereza wakaeleza katika ripoti yao ya 2015 kwamba huenda kugota chini katika safari za nyuma, pamoja na matengenezo yaliyofuata, vilidhoofisha maungio ya mkuku, na kwamba udhaifu wa aina hiyo waweza kuwapo bila kugunduliwa.

Kuna wanaosema chombo cha kuzama hakina usukani. Maana yake ni kwamba lililoandikwa limeandikwa. Mimi sibishani na majaaliwa. Ila nimesoma habari za ajali nyingi za baharini, na nimeona kwamba chombo cha kuzama mara nyingi kilikuwa na usukani mzuri tu; kilichokosekana ni bolti, au klipu ya paipu, au mtu wa kuuliza kitu hiki kina miaka mingapi.

Turudi ufukweni. Kumbe jicho hudanganya kwa njia mbili: huficha cha kutisha, na hutisha kwa kisichotisha. Chini ya katamarani ile, faiba ilikuwa imeota malengelenge, mengine makubwa kama sarafu. Vijana waliyaona wakashika vichwa. Wakadhani wameuziwa maiti. Mzee akacheka. Malengelenge hayo hutokea pale maji yanapopenya kidogo kidogo ndani ya faiba iliyokaa baharini miaka mingi. Hayapendezi, na dawa yake ni kuyakwangua, kukausha chombo kwa muda mrefu na kupaka epoksi. Lakini ni nadra sana kuzamisha chombo, na yanaweza kusubiri mwaka ujao au wa pili. Mzee akayaweka mwisho wa orodha.

Akapanda sitahani. Sitaha za katamarani nyingi si faiba tupu. Ni kama mkate uliopakwa kitu katikati: tabaka mbili nyembamba za faiba, na ndani yake mti mwepesi uitwao balsa, au povu gumu. Sitaha hupata ugumu bila kupata uzito. Lakini kila bolti iliyofungwa juu yake imeutoboa mkate huo. Gundi ya kuziba ikizeeka, maji huingia pembeni mwa bolti tone kwa tone, na balsa hunywa hadi ioze. Mzee alitambaa sitaha nzima akigonga kwa nyundo ndogo, sikio lake limeelekea chini. Palipo pazima pakalia ko, ko. Palipooza pakalia du, du, kama papai lililopita kiasi. Kila mahali pa du akapazungushia chaki, na alipomaliza sitaha ilikuwa na visiwa saba. Kazi ikawa kufunua tabaka la juu, kutoa uozo, kukausha na kujaza upya. Na kila tundu la bolti likachimbwa kwa ndani, likajazwa epoksi, kisha likatobolewa tena, ili bolti ipite ndani ya epoksi na mti usiguse maji milele.

Chini ya mstari wa maji chombo kile kilikuwa na matundu manane: ya choo, ya sinki, ya maji ya kupozea injini. Kila tundu lina koki yake. Baadhi zilikuwa za shaba ya njano, ambayo ni shaba iliyochanganywa na zinki. Katika maji ya chumvi zinki hutoka polepole, na kinachobaki ni kitu chenye rangi ya waridi, chepesi kuvunjika. Umbo linabaki lile lile. Mzee aliigonga koki ya choo kwa mpini wa spana, tena si kwa nguvu, ikakatika kama biskuti. Nikapiga hesabu jioni ile: tundu la inchi moja na nusu, lililo nusu mita chini ya maji, huingiza zaidi ya lita 100 kwa dakika. Hizo ni ndoo tano za lita 20 kila dakika. Nani ataweza kuzikumba, usiku, akiwa bado anatafuta tochi? Koki zote nane zikabadilishwa, kila paipu ikafungwa klipu mbili, na kando ya kila tundu mzee akafunga kwa uzi kizibo cha mti laini kilichochongwa kwa ukubwa wake. Vizibo hivyo alichonga mwenyewe wakati wa kungoja chakula cha mchana. Havikugharimu kitu.

Mbele, baina ya miili miwili, katamarani huwa na wavu mkubwa. Wageni huupenda kuliko mahali pengine pote. Hujilaza hapo, maji yanapita chini yao, wakapiga picha. Jua letu hula wavu na hasa nyuzi zilizoshonea kingo zake. Mzee aliingiza kidole penye mshono akavuta. Uzi ukatoka wenyewe kama wa gunia lililokaa juani. Ungewapa watu watano walale juu ya wavu ule, na chombo kinakwenda kasi, wangepita chini na miili miwili ya chombo ingepita juu yao. Hicho nacho hakikuwa katika orodha ya kwanza ya vijana.

Sukani ziko mbili, moja kila mwili. Zilikuwa zikitikisika ndani ya vishikio vyao kama jino la mtoto. Hapo nikakumbuka habari ya katamarani iitwayo Ramtha. Mwezi Juni 1994 dhoruba kali ilizikuta mashua nyingi zilizokuwa zikitoka New Zealand kwenda visiwa vya Tonga. Mtambo wa usukani wa Ramtha uliharibika, na mume na mke waliokuwamo wakaokolewa na meli ya jeshi la wanamaji la New Zealand, Monowai. Chombo wakakiacha. Baadaye kikapatikana bado kinaelea, kimesimama wima. Katamarani haina mkuku mzito wa kuivuta chini, kwa hiyo mara nyingi hukataa kuzama. Ila chombo kisichoongozeka, hata kikielea, hakimfai mtu aliyemo.

Yupo Mwingereza mmoja aliyelielewa jambo hili mapema, James Wharram, aliyefariki 2021. Miaka ya 1955 na 1956 alivuka Atlantiki kwa katamarani ndogo aliyoiunda mwenyewe, na maisha yake yote aliyatumia kuchora vyombo ambavyo mtu wa kawaida anaweza kujiundia. Katika michoro yake mingi miti inayounganisha miili miwili hufungwa kwa kamba, kama walivyofanya watu wa visiwa vya Pasifiki, na kama wavuvi wetu wanavyofunga matengo ya ngalawa. Wako waliomcheka kwamba ameacha bolti na kurudi kwenye kamba. Lakini kamba ikichakaa utaiona, na ikikatika moja zipo nyingine, na ya kubadilishia hupatikana duka lolote la pwani. Sisemi turudi sote huko. Nasema kwamba aliyechagua chuma kinachoficha umri wake amejitwisha na kazi ya kuuandika umri huo.

Na hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo yangu ya leo. Vijana walipokinunua chombo, walipewa ufunguo, bendera kuukuu na picha za chombo kikiwa kipya. Kumbukumbu za matengenezo hawakupewa, na wala hawakuziuliza. Zile karatasi chache za kwenye droo zilipatikana kwa bahati. Lini mipira inayozuia maji penye mitambo ya injini ilibadilishwa? Watengenezaji wengine huagiza ibadilishwe kila miaka saba. Hakuna ajuaye. Paipu ya gesi ya jiko ni ya mwaka gani? Hakuna ajuaye, na gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hutuama chini ya sakafu ya chombo ikingoja cheche. Kila penye jibu la hakuna ajuaye, mzee alibadilisha. Alisema kitu kisicho na tarehe kihesabiwe kuwa na umri wa chombo.

Mwajua kilichofuata. Fedha. Waya mpya, vibano na mabamba peke yake vilikaribia theluthi ya bei waliyonunulia chombo. Friji ikaondolewa katika orodha, redio ikaondolewa, rangi ikapakwa moja tu ya kuzuia magugu chini ya maji. Binamu akauza pikipiki yake. Disemba ikawapita, na aliyewakopesha hakufurahi. Nilikuwapo alipokuja, na maneno yake siwezi kuyasoma redioni. Chombo kiliingia kazini mwishoni mwa Februari, sitaha yake ina mabaka meupe saba kama ramani, na wageni wa kwanza walikaa juu ya magodoro yale yale ya zamani. Sijasikia mgeni aliyelalamika kwamba mlingoti haukuanguka.

Msikilizaji anaweza kuniuliza, je, hakuna wakaguzi? Wapo. Tunalo Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, na moja ya kazi zake ni usalama wa vyombo majini. Mkaguzi atahesabu maboya, atatazama mitungi ya kuzimia moto, atauliza idadi ya abiria. Lakini hakuna mkaguzi duniani anayeweza kufungua kila bolti ya kila chombo kila mwaka. Anayeweza ni mwenye chombo, na njia ya kumfanya aweze ni daftari. Mzee wa Pangani, ambaye hasomi bila miwani, aliwanunulia vijana wale daftari la jalada gumu, akawaamuru waandike kila kitu kilichobadilishwa, tarehe yake, na tarehe ya kubadilishwa tena. Waya zimeandikwa zitoke baada ya miaka 10 hata kama zitakuwa zinang'aa. Daftari hilo limefungwa ndani ya mfuko wa plastiki, linakaa juu ya meza ya ramani.

Ningependa daftari la namna hiyo lipewe uzito ule ule tunaoupa boya. Kila chombo cha faiba kinachobeba abiria kiwe nalo, na chombo kikiuzwa daftari liende pamoja nacho kama kadi ya gari inavyokwenda na gari. Anayeuza bila daftari, bei yake ishuke kwa gharama ya kubadilisha kila kisicho na tarehe. Soko lenyewe litawafundisha watu kuandika, upesi kuliko hotuba yangu.

Nanyi mnaopanda vyombo hivyo siku za mapumziko, pamoja na watoto, ulizeni. Si utovu wa adabu kumwuliza nahodha: "Kaka, waya za mlingoti huu zina miaka mingapi?" Akifungua daftari akakuonyesha, panda kwa moyo mweupe. Akikuambia, "Tazama mwenyewe, zinang'aa," basi mwambie asante, mwulize na habari za nyumbani, kisha urudi pwani ukale mihogo.

Tukijaliwa tutakutana tena juma lijalo, saa kama hii. Kwaherini.